Mbu Wapole

Mbu aliyekufa hulala ubavu, miguu ameikunja kama mtu aliyekosa shuka kwenye baridi. Aliye hai husimama, miguu ya nyuma ameinyanyua hewani kwa namna ya dharau. Hakuna hali ya tatu. Ndiyo maana mkuu wa nyumba ya mbu hakuhitaji kumuuliza mtu asubuhi ile alipoinua bomba la plastiki kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya bomba, chini, kulikuwa na maiti, kama ilivyotakiwa. Juu, kwenye ukuta wake, mbu kadhaa walikuwa wamesimama.

Aliliweka bomba mezani, akaliinua tena, kana kwamba mara ya pili macho yangekuwa na adabu zaidi.

Wangekuwa mbu wa chumba cha pili asingeshtuka. Hao waliitwa Wakaidi: uzao wa mbu waliokamatwa mitaani, katika nyumba zilizopuliziwa dawa mwaka hadi mwaka, na kwao dawa ilikuwa kama manyunyu kwa bata. Lakini hawa walikuwa Wapole, mbu wa chumba cha kwanza, ukoo uliolelewa ndani ya vizimba vya wavu tangu kabla yeye hajaajiriwa. Kazi yao duniani ilikuwa moja, nayo ni kufa. Kila chandarua kipya kilicholetwa kwenye taasisi ile ya utafiti kilijaribiwa kwao kwanza. Wapole wakifa wote, dawa ni dawa. Na kama Wakaidi watabaki, basi tatizo liko mitaani, haliko kwenye dawa. Wapole walikuwa rula ya nyumba ile, na rula ikipinda, kila kilichopimwa nayo kimepinda.

Ili rula isipinde kulikuwa na sheria moja, aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa friza: ALIYEGUSA DAWA HARUDI. Mbu akishajaribiwa, awe amekufa au yu hai, anaingia kwenye friza. Hapati mtoto.

Wafanyakazi walimwita Bi Sifuri, naye alijua. Jina lilitokana na kauli yake alipoletewa matokeo ya Wapole. "Waliobaki wawe sifuri," alikuwa akisema. "Si karibu na sifuri. Karibu na sifuri ni namba nyingine."

Siku ile, kabla chai yake haijapoa, alikuwa ameshapata jibu. Mkaidi ameingia kwenye kizimba cha Wapole, akazaa nao. Aliyekuwa akiingia vyumba vyote viwili ni mtu mmoja: mlezi wa mbu, mume wa mdogo wake.

Yeye ndiye aliyemleta pale. Shemeji alikuwa akiuza viatu kando ya barabara, mtu mpole mwenye vidole virefu na subira ya kushona, na kulea mbu kunataka vidole na subira kuliko vyeti. Alijifunza haraka. Viluwiluwi vyake havikufa ovyo, na maji ya beseni zake hayakunuka. Hata hivyo ukumbini watu walinong'ona kwamba amebebwa na shemeji yake, na minong'ono ile ilimkera Bi Sifuri kama kokoto ndani ya kiatu. Basi kosa lilipojitokeza, aliharakisha kuonyesha kwamba mizani yake haina undugu. Hakujiuliza kama mizani iliyoinamishwa upande wa pili kwa makusudi bado ni mizani.

Walimhoji mbele ya Mkuu wa taasisi na mtunza stoo. Lakini aliyeuliza ni yeye.

"Siku ile ulipolisha wazazi wa hawa, ulianza chumba gani?"

"Cha kwanza, bosi. Huwa naanza cha kwanza."

"Huwa unaanza, au ulianza?"

"Nilianza."

"Na mkono wa kizimba uliufunga?"

Kila kizimba kina mkono wa kitambaa, kama wa shati, ambao mlezi hupitishia mkono wake kuwalisha mbu. Akimaliza huufunga fundo, asitoke wa ndani wala asiingie wa nje.

"Nilifunga."

"Una hakika?"

"Nadhani..."

"Sikuulizi unadhani nini. Mbu hao hapo, wamesimama. Kama ulifunga, wametoka wapi?"

Shemeji alitazama mikono yake, mmoja halafu wa pili, kama mtu anayetazama watoto wa jirani na kuulizwa yupi kavunja kioo. "Basi huenda sikufunga," alisema. "Kama wewe bosi unasema hivyo, huenda sikufunga."

Akatia sahihi maelezo yale, na kazi yake ikaishia hapo. Walipotoka, mtunza stoo alisema kwa sauti ya kusikika, "Kikulacho ki nguoni mwako." Bi Sifuri aliipokea methali ile kama sifa.

Miezi ikapita. Mashine ya kusoma vinasaba ilikuwa mbovu, kisha kemikali zake zikachelewa, kisha mashine ikapona. Alikuwa amepeleka huko wale Wapole waliobaki hai. Shaka hakuwa nayo; ni kwamba faili lisilokamilika lilimsumbua kama shati lililopungukiwa kifungo. Kijana aliyeendesha mashine ile waliyemwita Msomaji, mtu wa maneno mengi na kucha safi, alimpigia simu ndani ya jengo hilohilo.

"Bi mkubwa, hebu shuka. Umeniletea mbu gani?"

"Nimekwambia. Wapole waliochanganyika na Wakaidi."

"Ndiyo maana nakwambia ushuke."

Alishuka. Msomaji aligeuza skrini ili wote wawili waione.

"Wakaidi wako karibu wote wana alama yao mahali hapa, kama mhuri wa posta. Baba akiwa nayo, mtoto anaipata. Sasa hawa wako hawana. Hata mmoja."

"Rudia kusoma."

"Nilirudia. Halafu nikasema, huyu mama ninavyomjua ataniambia nirudie, nikarudia tena. Hawa si watoto wa Wakaidi. Hakuna Mkaidi aliyekanyaga kizimba kile."

Bi Sifuri aliikodolea macho skrini. "Sasa mbona wanaishi?"

"Wana kitu kingine. Kinasaba kinachoufanya mwili uivunjevunje sumu kabla haijaua. Tuseme ini lao linafanya kazi ya ziada, ingawa mbu hana ini."

"Kimetoka wapi?"

"Kilikuwemo. Ukoo wowote una wawili watatu wa ajabu. Kwetu yuko mjomba anakunywa kile kinachosafishia brashi za rangi, na asubuhi wa kwanza kufika kazini ni yeye. Swali si kimetoka wapi. Swali ni kwa nini zamani walikuwa nacho mmoja mmoja na leo wanacho wengi hivi." Akatabasamu, maana alijua anachokitafuta. "Labda wameizoea dawa."

Neno lile mbele ya Bi Sifuri lilikuwa sawa na kukanyaga mkia wa paka, na Msomaji hakukosa nafasi ya kulikanyaga.

"Mbu hazoei," alisema papo hapo, kwa sauti ileile aliyowasomeshea wageni wa taasisi miaka yote. "Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja ndani ya maisha yake. Mbu mmoja habadiliki. Ama anakufa ama anabaki. Aliyekufa hazai. Aliyebaki anazaa, na watoto wanarithi kile kilichombakisha. Kinachobadilika ni ukoo, mbu ni yuleyule. Kwa hiyo ili Wapole wafikie hapa, ingebidi mtu awape sumu, kisha awachukue walionusurika, kisha awarudishe waza..."

Hakumaliza.

Alikumbuka majira yale ya baridi umeme ulipokuwa ukikatika ovyo. Vipasha joto vilizima, na kila asubuhi sakafu ya vizimba ilikuwa nyeusi kwa maiti. Wapole walibaki wachache kiasi kwamba ungeweza kuwabeba wote ndani ya glasi. Mlezi wa wakati ule alikuwa amekwisha kuacha kazi, na wengine walipewa ruhusa wakae nyumbani hadi umeme utulie. Alibaki peke yake na utafiti uliokuwa na tarehe ya mwisho: kujaribu vitambaa vilivyotiwa dawa kidogo mno, nusu ya nusu ya ile ya kawaida. Kwa dawa kidogo namna ile wengine hunusurika. Alikuwa amewashika mkononi, ndani ya bomba, majike wenye matumbo yaliyojaa mayai. Mlango wa friza ulikuwa mbele yake pamoja na herufi zake kubwa.

Aliwatazama, akatazama kizimba kilichokaribia kuwa kitupu. Akapiga hesabu. Dawa ni kidogo mno, kunusurika kwao hakuna maana yoyote, ni bahati tu. Mzima ni mzima. Akawavuta kwa mrija wake, akawapuliza kizimbani. Akafanya hivyo tena jaribio lililofuata, na lililofuata, mpaka joto liliporudi na kizimba kikajaa. Wala hakuficha. Lilikuwa tendo la mwenye nyumba anayeokota punje zilizomwagika wakati wa njaa, nani anatangaza jambo kama hilo?

Ila haikuwa bahati, au haikuwa bahati ya wote. Miongoni mwa walionusurika, wengine walinusurika kwa kuwa walizaliwa na kitu. Katika umati, mmoja wa aina hiyo ni tone ndani ya pipa. Wakibaki wachache, tone hilo ni nusu kikombe. Baridi iliwapunguza bila kuchagua. Yeye akaja nyuma ya baridi, akachagua.

"Bi mkubwa," Msomaji alikuwa akimwita. "Umepauka. Nikuletee kiti?"

"Zile sampuli kavu," alisema. "Tunazo za Wapole wa miaka yote?"

"Ziko kwenye visanduku."

"Zisome. Za kabla ya ule mwaka wa baridi, na za baada yake, mpaka leo."

Angeweza kuacha. Shaka ni mgeni anayeweza kukaa ukumbini miaka bila kuletewa chakula. Lakini hakuwahi maishani mwake kuamini kitu kisichopimwa, na hakutaka kuanza kwa hiki.

Matokeo yalipotoka yalikuwa yamenyooka kama ngazi. Kabla ya baridi, kinasaba kile kilionekana kwa nadra. Baada yake kilipanda, na kila mwaka kikazidi kujijaza katika ukoo, mpaka wakapatikana waliokirithi kwa baba na kwa mama, ambao hata dawa kamili haikuwaua. Ngazi ilianza kupanda wakati shemeji yake angali anauza viatu chini ya mwavuli, hajui hata dume na jike wa mbu wanatofautiana wapi. Kizimba kingekaa wazi mchana kutwa mbele yake, kisingeongeza wala kupunguza kitu.

"Wakati huo nani alikuwa analea?" Msomaji aliuliza.

"Mimi."

Msomaji akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Mkuu wa taasisi alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa tatizo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akainuka akafunga dirisha.

"Tutaagiza mayai mapya kutoka taasisi nyingine," alisema. "Tutawaambia wateja kwamba ukoo wetu umechakaa, tunarudia vipimo. Mambo hayo hutokea. Ni maumbile."

"Na mlezi?"

"Shemeji yako alikiri mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono."

"Alikiri kwa sababu nilimwambia."

"Mtu mzima anakiri asichokifanya?"

"Anakiri, Mkuu. Akimwamini anayemwambia."

Mkuu alikaa tena, akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Ukisimama ukasema ni wewe, hawataishia hapo. Watauliza, na mengine aliyoyapima huyu? Miaka yote ile? Utajizika wewe na utuzike sisi. Yeye si ameshapata kibarua kingine? Yaliyopita si ndwele."

Alitaka kusema kwamba ndwele ni maradhi, na kwamba kuna maradhi yanayopita kwa mgonjwa yakabaki kwa mganga. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Sawa, Mkuu."

Alitoka na ile sawa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni hakuweza kula. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba aibu ni hisia ya watu wasio na ushahidi, wanaojiona wamevuliwa nguo kwa kuwa hawajui nguo zao ziko wapi. Sasa ushahidi wote alikuwa nao, umepangwa mwaka kwa mwaka, na kila alipoutazama uso ulimwaka moto. Kukosea hakukumtisha, kazi yake imejengwa juu ya migongo ya watu waliokosea. Kilichomtafuna ni lile swali alilomuuliza mtu yule mbele ya watu, wametoka wapi, huku jibu limekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Aliwaza pia neno maumbile. Maumbile hayana mikono. Hayana mrija wa kunyonyea mbu.

Siku zikaenda. Akaanza kula. Kisha asubuhi moja, akipita mbele ya ofisi ya Mkuu, waliamkiana kama kawaida, na hatua chache mbele akagundua kwamba mwiba haukuchoma. Alisimama palepale ukumbini, akakitafuta kile kidonda kama mtu anavyolitafuta jino bovu kwa ulimi. Kilikuwepo, lakini kilikuwa kimeanza kufunga.

Mbu hazoei. Mtu huzoea. Alijiona akiwa ndani ya kile alichowakataza watu kukisema, siku baada ya siku, na hofu iliyomshika ilikuwa baridi kuliko aibu yote iliyotangulia. Kama angengoja wiki nyingine, asingebaki mtu wa kwenda.

Alikwenda nyumbani kwa shemeji Jumamosi alasiri. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye cherehani karibu na mlango, kwenye mwanga, akishona sketi za shule. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya sahihi. Hakuinuka.

"Karibu," alisema. "Kiti hicho kina pini, tazama unapokalia. Au kaa tu."

"Shemeji yupo?"

"Anaoga. Siku hizi anapakua saruji. Haitoki kwa maji ya harakaharaka."

Nyuma ya pazia maji yalisikika yakimwagwa kwa kopo. Bi Sifuri alikalia ukingo wa kiti.

"Nimekuja kuhusu wale mbu."

"Wale mbu." Mdogo wake alikata uzi kwa meno. "Siku hizi wanatuma wajumbe?"

"Imebainika kwamba hawakuchanganyika. Kuna waliojaribiwa kwa dawa zamani, wakanusurika. Badala ya kuuawa wakarudishwa kizimbani, wakazaliana, na ukoo ukabadilika taratibu. Kwa hiyo halikuwa..."

"Wakarudishwa."

"Ndiyo."

"Na nani?"

Cherehani ilikuwa imesimama. Katika taarifa za kazini hakuna mtu anayefanya jambo. Mbu hulishwa, hukamatwa, huhesabiwa, huwekewa dawa. Ni lugha yenye heshima zake, nyumba nzuri isiyo na mwenyewe, na alikuwa ameishi humo muda mrefu kiasi kwamba hakujua kama ameingia nayo hapa, akaiweka kati yake na dada wa tumbo moja.

"Na mimi," alisema.

"Sema vizuri."

"Mimi niliwarudisha. Kabla mumeo hajaanza kazi. Yeye hakuhusika."

Mdogo wake hakulia wala hakupaza sauti. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, taratibu, sindano ikapanda ikashuka bila kitambaa.

"Unajua anafanya nini siku hizi?" alisema. "Tukitoka anafunga mlango. Tunafika kwenye kona, anarudi kuutikisa. Tukiwa mbali ananiuliza, mama watoto, nilifunga? Namwambia ulifunga, mimi nimekuona. Ananijibu, wewe nawe unadhani tu. Ati nadhani tu! Mtu aliyekuwa akifunga watoto kamba za viatu huku macho yake yapo kwenye gazeti. Juzi amerudi kutoka kazini katikati ya mchana, kwa miguu, aje atazame kama gesi imezimwa."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuja."

"Nakuomba..."

"Usiniombe mimi. Kaa hapo. Anatoka."

Maji yalinyamaza. Punde pazia lilisogea, shemeji akaingia akifunga vifungo vya shati, na kwenye mikunjo ya nyusi zake saruji ilikuwa bado imebaki kama unga. Alipomwona mgeni alisita, kisha adabu ikamtangulia.

"Shemeji. Karibu sana. Umepewa hata maji?"

"Keti kwanza," mke wake alisema. "Ana maneno."

Akasema. Safari hii kila sentensi ilikuwa na mwenyewe: nilichukua, nilirudisha, sikumwambia mtu, nilikuuliza, sikukusikiliza. Zilikuwa sentensi fupi na zilichukua muda mrefu. Shemeji alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akisikiliza maelekezo ya kazi.

"Kwa hiyo nilifunga," alisema mwishowe.

Lingekuwa jambo rahisi kumpa neno moja. Mdogo wake alikuwa akimtazama kwa macho yaliyoliomba.

"Sijui kama ulifunga," alisema Bi Sifuri.

"Dada!"

"Sijui. Nilikuwa nakagua vizimba, sikuwahi kukuangalia wewe. Ninachokijua ni kwamba hata kama usingefunga, isingekuwa hivi. Na kwamba uliniambia umefunga, nami sikuwa na sababu hata moja ya kutokuamini."

Shemeji alilitafuna hilo. Ukutani nyuma yake watoto walikuwa wamechora gari kwa chaki.

"Ungenionea kwa chuki," alisema polepole, "na mimi ningekuchukia, yakaisha. Ningelala. Lakini wewe hukunichukia. Ulinipigia hesabu tu. Nikasema, huyu huwa hakosei, basi kibovu ni kichwa changu." Alijigonga paji la uso kwa kidole, si kwa nguvu. "Nimekitukana kichwa hiki, shemeji. Nimekitukana matusi ambayo mtu hamtukani mbwa."

"Nisamehe."

"Hilo tutaliangalia." Alijifuta saruji kwenye nyusi. "Mkuu anajua?"

"Anajua."

"Kasemaje?"

"Kasema ni maumbile."

"Nawe ukasemaje?"

Uso ulimwaka. Alitamani swali lingine, lolote. "Nilisema sawa."

Mdogo wake alicheka, kicheko kifupi kama kitambaa kinapochanwa. Shemeji hakucheka.

"Jumatatu nakuja," alisema. "Kazi sitaki. Au labda naitaka, sijui, usiniulize leo. Nataka kukaa kwenye kile kiti nilichotilia sahihi, nikusikie ukimwambia Mkuu haya uliyoniambia. Kwa sauti. Na wote waliokuwemo wawemo. Hata yule wa stoo na methali zake."

Aliona chumba kile, meza ndefu, nyuso. Aliona vitambaa vyote alivyovipima, mwaka baada ya mwaka, vikirudi kutoka vilikokwenda kuuliza kama vilipimwa kweli. Mkuu hakumdanganya kuhusu hilo.

"Watakuwemo," alisema.

"Na uongee hivi hivi," mdogo wake aliongeza, akirudisha sketi chini ya sindano. "Usije ukatuongelea kikazi."

Shemeji alimsindikiza hadi kwenye geti la uwani. Kwenye geti alisema, "Salimia nyumbani," kama anavyoambiwa mgeni yeyote, na Bi Sifuri akajibu zimefika. Alipokuwa amevuka kizingiti alisikia komeo la chuma likisukumwa nyuma yake, kisha kandambili zikiondoka kwenye kokoto za uwani, hatua baada ya hatua.

Halafu zikasimama.

Labda aliinama kuokota kitu. Labda mtoto alimwita. Labda alikuwa amegeuka, ametazama geti, anajiuliza. Bi Sifuri alisimama barabarani, sikio kalielekeza kwenye bati la geti. Lilikuwa jambo dogo na jibu lilikuwa karibu. Zingesonga mbele au zingerudi, hakuna hali ya tatu, na kwa kungoja kidogo tu angelijua. Katika maisha yake hakuwahi kuliacha jaribio kabla halijatoa jibu.

Aliushika vizuri mkoba wake, akaanza kutembea.